Sahani ya Baba

Mazungumzo ya juma hili kwa wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Juma lililopita nilizungumza nanyi juu ya maji ya kunywa na usafi wa mitungi. Juma hili nataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alijua, lakini ni mara chache husemwa mbele za watu, kwa kuwa ni jambo la ndani ya nyumba. Nataka kusema juu ya sahani ya baba.

Sahani hiyo haina haja ya kuelezwa kwa mtu wa pwani, wala kwa mtu wa bara aliyehamia kwetu. Mama akiisha kupika chakula cha jioni, kabla hajawapakulia watoto, hutoa kwanza sehemu ya baba. Huchagua kipande cha samaki kilicho kinene, au kichwa ikiwa baba apenda kichwa. Siku ya kuku, firigisi na paja huwekwa kando. Mchuzi ulio mzito humiminwa juu ya wali, au hutiwa katika bakuli kando ya sima, kisha sahani hufunikwa kwa kawa na kuwekwa juu ya kabati, mahali ambapo paka na watoto hawafiki. Ndipo wengine wote hugawana kilichobaki. Baba mwenyewe hayupo. Pengine yuko Kilindini akingojea zamu iishe. Pengine amesimama katika msongamano wa watu wanaongojea feri ya kwenda Likoni. Pengine yumo katika matatu juu ya daraja la Nyali, na magari hayaendi mbele wala nyuma. Atafika saa tatu, au saa nne usiku.

Kabla sijaendelea, nataka niseme wazi kwamba sikuja hapa kuidharau sahani hiyo. Mtu ashindaye juani akipakua mizigo, kisha akarudi nyumbani akakuta amewekewa chakula chake kimefunikwa, hujua kwamba hakusahauliwa. Mke aliyekiweka hakusema neno, lakini amesema mengi. Ziko nyumba ambazo mapenzi yake yote hukaa chini ya kawa ile. Mtu akiniambia kwamba desturi hii ni ya ushamba na yafaa itupwe, mimi sitamwunga mkono.

Lakini nauliza hivi: chini ya kawa mna nini, na katika sinia ya watoto mna nini?

Tufanye hesabu ya nyumba moja tu. Tuseme ina watu sita, yaani baba, mama na watoto wanne, na aliye mdogo ana umri wa mwaka mmoja na nusu. Jioni mama amekwenda kwa mama karanga aliye karibu, akanunua vipande vitano vya samaki wa kukaanga, akavitia katika mchuzi wa nazi. Vipande viwili ni vya baba. Vimebaki vitatu kwa watu watano. Watoto wanakula katika sinia moja, na mtoto mkubwa, ambaye ana mkono mrefu na meno yaliyokwisha kukomaa, amepata karibu kipande kizima. Wa pili na wa tatu wamegombania kingine. Mama amechukua mkia. Yule mdogo amepewa wali uliolowana mchuzi, akala akashiba, tumbo likajaa. Yeyote amwonaye asema kwamba mtoto huyu amekula vizuri. Kweli amekula, ila samaki hakumfikia.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sisi hupima chakula kwa shibe. Sima ikitosha, twasema chakula kimetosha. Lakini sima, wali, muhogo na viazi ni vyakula vya kutia nguvu, na mwili wa mtoto hauhitaji nguvu peke yake. Unajengwa. Mifupa yarefuka, damu yaongezeka, ubongo wakua upesi sana katika miaka miwili ya kwanza kuliko utakavyokua baadaye. Vifaa vya kujengea hutoka zaidi katika kitoweo: samaki, nyama, mayai, maziwa, mbaazi, kunde na pojo. Mtu mzima amekwisha kujengwa, naye ahitaji kitoweo cha kuutengeneza mwili tu. Kwa hiyo, ukipima kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mtoto mdogo ahitaji vyakula vya kujenga mwili zaidi kuliko baba yake. Ni kinyume cha vile tunavyogawa sisi.

Najua wako watu watakaosema: “Bwana, kazi ya bandarini si mchezo. Asiyekula vizuri ataanguka na mzigo.” Nami nasema ni kweli kabisa. Kuli, fundi wa mwashi na mwendesha mkokoteni wahitaji chakula kingi. Lakini nguvu ya kuinua mzigo hutoka hasa katika ule wali na ile sima, pamoja na mafuta na nazi. Basi baba na aongezewe sima, tena bila kuhesabiwa. Akipunguziwa kipande kimoja cha samaki hatashindwa kuinua gunia kesho. Mtoto wake akikosa kipande hicho leo, na kesho, na mwezi mzima, kitu fulani katika mwili wake hakitajengwa, na ni vigumu sana kukijenga baadaye.

Si maneno ya kutishana haya. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2014 walikuwa 26, kwa hiyo hali imeendelea vizuri. Lakini katika Kaunti ya Kilifi waliodumaa walikuwa 37 katika kila 100, na hapakuwa na kaunti nyingine yoyote iliyoipita. Kilifi si mbali. Mtu wa Kisauni akipita Shanzu na kuvuka daraja la Mtwapa amekwisha ingia Kilifi, na jamaa wa pande hizi mbili hutembeleana kila juma. Watoto hao si wa watu wengine.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba sahani ya baba ndiyo iliyowadumaza. Umaskini una sehemu yake kubwa, na maji machafu, na kuharisha kusikokwisha, na mashamba yasiyopata mvua. Hayo hayaondoki kwa maneno yangu. Nimechagua jambo hili moja kwa sababu halihitaji fedha. Wale samaki watano wamekwisha nunuliwa.

Desturi yenyewe yatoka wapi? Katika nyumba za Waswahili wa zamani wanaume walikula pamoja, sinia ikaletwa barazani au ukumbini, mgeni akakaribishwa, na wanawake na watoto wakala ndani. Sinia ya wanaume ilitangulia kupakuliwa. Kwa ndugu zetu Waluhya, ambao wengi wamefanya makao yao Changamwe na Mikindani, firigisi ya kuku ilikuwa haki ya mwenye nyumba, na wanawake zamani hawakula kuku kabisa. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalikuwa na makatazo ya namna hiyo, ya kuku kwa hawa na mayai kwa wale. Lakini katika siku zile mtoto hakutegemea sufuria peke yake. Alikwenda ufuoni akaokota chaza, alipanda mwembe, alipewa dafu shambani kwa babu yake, na mama alichuma kisamvu na majani ya kunde nyuma ya nyumba. Mtoto wa leo katika chumba cha kupanga pale Chaani au Mtongwe hana mwembe. Kile kilichomo sufurianini ndicho alicho nacho.

Tena mji wenyewe ulituzoesha kufikiri kwamba mshahara na chakula ni mambo ya mwanamume mmoja. Wazee wakumbuka habari za mgomo mkubwa wa Mombasa wa mwezi wa Januari mwaka 1947, wakati wafanya kazi wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani walipoacha kazi kwa sababu mishahara haikulingana na gharama ya chakula na kodi ya nyumba. Katika miaka ile mshahara ulihesabiwa kama kwamba kila mfanya kazi ni kapera, alalaye juu ya kitanda cha kupanga, na mkewe na wanawe wako mashambani wakijilimia. Mwaka 1954 halmashauri ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ndiyo iliyosema wazi kwamba mshahara wa mjini wapasa kutosha mtu pamoja na mke na watoto, ikashauri mabadiliko hayo yafanywe kidogo kidogo. Jinsi yalivyotimizwa au yasivyotimizwa ni habari ndefu, nami siiingii leo. Nataka mwone jambo moja tu: katika mambo ya mishahara wazee wetu walikataa kuhesabiwa kama makapera. Je, mtu aliyedai mshahara wa watu sita atakulaje kitoweo cha makapera?

Sasa niseme juu ya sinia ya watoto, kwa maana baba akiisha kutoa haki, bado kuna mwizi mwingine, naye ni mtoto mkubwa. Simlaumu, kwa kuwa ana njaa. Watoto wetu kula pamoja ni jambo zuri. Hujifunza adabu, hujifunza kula kwa mkono wa kulia na kutochokora mbele ya mwenzao. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu hali upesi. Hutafuna pole pole, hugeuka kutazama kuku anayepita, huchezea tonge. Akirudi, sinia ni nyeupe. Mtoto wa namna hiyo na awe na kibakuli chake mwenyewe, hata kiwe cha bati, na mtu mkubwa aketi naye amlishe mpaka aishe. Hapo mama ataona kwa macho yake amekula nini, maana katika sinia hakuna ajuaye.

Tena tumbo lake ni dogo. Kwa hiyo mara mbili kwa siku hazimtoshi. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi. Na ule uji, tafadhali, usiwe maji. Uji mwepesi uliotiwa sukari hujaza tumbo kisha ukatoka. Utiwe tui la nazi, au karanga zilizotwangwa laini, au dagaa waliokaushwa wakasagwa, au yai. Ikiwa hana chochote ila mbaazi za jana usiku, mama na azichemshe tena vizuri, azivuruge na kumpa. Mtoto huyo amepata chakula bora kuliko mwenzake anywaye chai ya rangi na andazi. Chai kali, na hili wengi hawalijui, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na bila chuma damu hupungua.

Damu ikitajwa, nawakumbuka akina mama wenyewe. Nimesema mama alichukua mkia. Nani aliyempa? Alijipa mwenyewe. Mwanamke wa kwetu hupakua akijiweka wa mwisho, na akiulizwa husema ameshiba kwa harufu ya jikoni, na sisi wanaume hucheka tukaamini. Lakini mwanamke mwenye mimba anakula kwa ajili ya wawili, na anyonyeshaye vile vile. Ni wao ambao damu hupungua mpaka wakaona kizunguzungu wakisimama. Mjenzi wa mtoto ni mama, tangu siku ya kwanza ya mimba. Ukimnyima mama kitoweo, umemnyima mtoto asiyezaliwa. Kwa hiyo mahali penye mja mzito au mwenye kunyonyesha, kipande chake na kitengwe pamoja na cha mtoto mdogo, kabla ya watu wazima wengine.

Sasa nani atakayeanza? Nimesikia watu wakiwahubiri akina mama tu juu ya mambo haya, kliniki na mikutanoni, na kila mara nimeona wamekosea mlango. Mama hawezi kuipunguza sahani ya baba kwa shauri lake mwenyewe. Akifanya hivyo, atahesabiwa kuwa amemvunjia mumewe heshima, na mama mkwe akiwapo maneno yatafika mbali. Wa kuamuru jambo hili ni baba. Na aseme kwa kinywa chake, tena mbele ya watoto na mbele ya wazee walio nyumbani.

Kijana mmoja wa Likoni, apakuaye shehena bandarini, alinieleza alivyofanya. Alirudi usiku akakuta sahani yake, akaifunua, akamwita mkewe. Akamwambia: “Mama watoto, kuanzia kesho mpakulie huyu mdogo kwanza, halafu wewe mwenyewe. Mimi niwekee sima kubwa na kitakachobaki.” Mkewe akamjibu: “Baba, watu watasema nini?” Naye akasema: “Watu hawalali hapa.” Nilimwuliza kama aliona njaa. Akasema siku za kwanza aliitamani samaki yake, kisha akazoea. Na kwamba jambo lililomwudhi ni mama yake mzazi, ambaye alinuna siku tatu, akidhani mwanawe ametiliwa kitu katika chai.

Namsifu kijana yule. Lakini sitaki sahani ya baba iwe tupu. Iwe safi, ifunikwe, iwekwe mahali pake. Siku kitoweo kikiwa kingi, na apewe kipande chake kinene. Siku kikiwa haba, kama katika miezi ya kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba, wakati bahari ni chafu na vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali na bei ya samaki ikapanda, hapo ndipo utaratibu wa kugawa huwa na maana. Katika miezi hiyo yafaa pia kukumbuka kwamba kitoweo si samaki peke yake. Mbaazi, kunde na pojo hupatikana Kongowea kwa bei nafuu kuliko changu, na dagaa wakavu huliwa na mifupa yao, ambayo ni faida kwa meno ya watoto. Mchicha, mnavu na kisamvu ni vyakula vya kulinda mwili, wala si vya maskini, kama vijana wetu wadhanivyo tangu walipozoea chipsi za kando ya barabara. Kisamvu lakini kitwangwe na kupikwa sana, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Jambo moja bado, nalo ni la hatari. Chakula kilichopikwa magharibi na kuliwa saa nne usiku kimekaa katika joto la Mombasa muda wa saa tatu au zaidi. Kawa huzuia nzi na vumbi. Haizuii vijidudu vilivyokwisha ingia, na mchuzi wa nazi huchacha upesi kuliko mchuzi mwingine wowote. Hata hotipoti haisalimishi, ikiwa chakula kilitiwa humo kikiwa vuguvugu, kwa maana vuguvugu ndilo joto livipendezalo vijidudu. Mwenye friji na aweke chakula humo mapema, asingoje kipoe mpaka usiku. Asiye na friji na auweke mchuzi mbali na wali, na baba akifika uchemshwe tena mpaka utokote kabisa, si kupashwa moto juu juu. Ukinuka uchachu, umwagwe, hata kama una samaki ndani. Na ikiwa baba hana hakika ya saa ya kurudi, siku hizi kila mtu ana simu. Na apige akiwa katika foleni ya feri, mama ajue wakati wa kuwasha jiko.

Na watoto wale wanaojifanya wamelala, wakingojea baba afunue kawa wapate kulamba mabaki yake? Kila nyumba inao. Walio wakubwa na waachwe wangoje wakitaka, kwa kuwa kumwona baba ni jambo jema, hata kwa dakika kumi. Lakini wakingoja, wawe wamekwisha kula samaki wao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumza juu ya watoto wanaoamshwa alfajiri kwenda shule, na chakula wanachobeba mkobani.